Kisu na Ndoo

Jumamosi, 14 Desemba 2024, Morogoro

Majogoo 6 kwa mitetea 11. Nimewahesabu magharibi walipokuwa wanapanda kwenye vichanja wakisukumana, nikajua hesabu hii haivuki mwaka. Jogoo mmoja anatosha mitetea 10. Hawa wa ziada kazi yao ni kumaliza pumba, kugombana kuanzia alfajiri na kuwapanda mitetea mpaka wawili wamebaki migongo mitupu.

Vurugu hii imeletwa na chanjo. Enzi za marehemu mama hakuna aliyewaza afanye nini na majogoo 6, maana kideri kilipita karibu kila kiangazi kikampunguzia chenyewe. Mwezi wa kumi kimepita mtaa wa juu: kinyesi cha kijani, shingo kupinda, na baada ya siku chache banda ni tupu. Wangu nilikuwa nimewadondoshea Temevac, tone moja jichoni, kama ninavyofanya kila miezi mitatu, na hakuna aliyekohoa. Wenzangu waliotegemea shubiri na pilipili kwenye maji ya kunywa, mabanda yao sasa ni stoo za kuni.

Krismasi nyumba itajaa: binti yangu na mumewe kutoka Kilosa, dada na watoto kutoka Ifakara, na majirani ambao hawaalikwi kwa kuwa hawahitaji kualikwa. Ningeweza kushuka Soko la Chifu Kingalu nikanunua broila, hao wanaoingia sokoni na wiki sita tu za kuishi. Wa kwangu akifikisha miezi sita ndiyo kwanza anagusa kilo moja na nusu. Lakini kununua kuku huku majogoo wanakuwikia dirishani ni kichaa. Watapungua hawa hawa.

Jumatatu, 16 Desemba

Kuchagua kuku ni kazi ya usiku. Mchana utamkimbiza mtaa mzima, watoto watacheka, na bado utamkosa. Usiku unamwendea na tochi umeifunika kwa kiganja, naye anakaa tu, hajui aende wapi.

Majogoo si kazi. Kishingo anabaki, ndiye baba wa banda. Kuku wasio na manyoya shingoni wanastahimili joto letu na vifaranga vyake vinakua vizuri. Kuchi ataondoka. Ni mrefu, anapendeza kumtazama, na tangu aanze kujiona mkubwa hakuna jogoo mwenye upanga mzima humu bandani. Pamoja naye wataondoka wengine watatu. Jogoo mweusi nilikuwa nimemwandika, nikamfuta: mtoto wa dada alimpa oksitetrasaiklini wiki iliyopita alipoona ana mafua, na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye pakiti hazijaisha. Watu wengi hawaisomi sehemu hiyo. Wanampa kuku dawa Ijumaa, akionekana hana dalili ya kupona wanamchinja Jumamosi ili wasipate hasara, halafu wanashangaa dawa zikigoma kuwatibu wao wenyewe. Kwangu kuku asiyekula haingii chunguni. Atapona au atazikwa.

Kazi ni kwa mitetea, maana ukikosea unakula mayai ya mwaka mzima kwa mlo mmoja. Mama alinifundisha kwa vidole. Unamgeuza, unaitafuta mifupa miwili ya nyonga karibu na tundu la nyuma. Anayetaga, mifupa imeachana, vidole vitatu vinalala katikati. Aliyeacha kutaga, hata viwili vinabanwa, na upanga wake umefifia na kukauka. Mtetea mwekundu nimempima leo na kumrudia tena, kwa kuwa nampenda. Vidole havikupita.

Mama hakuwa na akaunti benki. Alikuwa na kuku. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, kuku wawili wanaingia tengani, asubuhi wanakwenda sokoni. Kuchinja kulikuwa kutumia akiba, ndiyo maana mgeni aliyechinjiwa kuku alijua kabisa ameheshimiwa kiasi gani. Mimi napokea mshahara, na bado mkono unasita.

Alhamisi, 19 Desemba

Mzee jirani mkono wake wa kulia umekufa ganzi. Hospitali wamempa dawa za presha na kumwambia apumzike. Nimekwenda kumjulia hali na chupa ya uji, nikaona haya kutaja habari ya kuku. Yeye ndiye aliyeitaja.

“Mwalimu, mwaka huu mtawala wangapi?”

“Watano, Mzee. Lakini wewe pona kwanza.”

“Mimi nitapona. Kuku hawangojei.”

Tangu nihamie mtaa huu ni yeye anayetuchinjia. Wakristo na Waislamu hapa tumechanganyika mpaka ndani ya vyumba, na kanuni ambayo haijaandikwa ukutani ni kwamba kisu hushikwa na Mwislamu, ili chungu kiwe cha wote. Ukichinja mwenyewe hakuna atakayekuja kukukamata. Umewaondoa tu watu fulani kwenye sinia lako. Na mimi mkwe wangu ni Mwislamu. Siwezi kumtengea maharage pembeni siku ya sikukuu.

Najua pia kanuni hii ina moto ndani yake. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje uliishia kwa mchungaji kuuawa. Wiki ile, hapa kwetu, Mzee alikuja mwenyewe bila kuitwa, akaketi barazani kwangu, akanywa chai vikombe viwili, tukazungumza habari za mvua. Hakugusia Geita, nami sikugusia.

Sasa nani? Mkwe anafika jioni ya tarehe 24, wakati kuku wanatakiwa wawe wamekwisha poa. Na hata angefika mapema, humpokei mkwe getini ukamkabidhi kisu. Vijana wa Mzee wako Dar es Salaam. Yuko bwana mmoja mtaa wa pili anayejitolea kila mara. Mwaka juzi nilimwona akimchinja bata kwa kisu kibutu, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, huku anaongea na simu. Hapana.

Ijumaa, 20 Desemba

Baada ya swala nimeitwa kwa Mzee. Nimemkuta ameegemea mto, mkewe anapepeta mchele, na binti yao Z., fundi cherehani, anamalizia pindo la gauni la mtu la Krismasi.

“Z. atakuchinjia,” Mzee akasema.

Ungo ukasimama. “Mwanamke?” akauliza mkewe.

Ndipo Mzee akatueleza kisa cha kijakazi wa Kaab bin Malik, aliyekuwa akichunga mifugo karibu na mlima Sal', pale Madina. Akaona mnyama mmoja anakata roho, akavunja jiwe, akamchinja kwa ukali wa lile jiwe. Kaab akawazuia watu wasile mpaka Mtume aulizwe. Mtume akaruhusu aliwe. “Kisa kimo kwenye Bukhari,” akasema. “Jiwe lilitosha, na kijakazi alitosha. Huyu mwenye kisu na akili zake ana upungufu gani?”

Mkewe hakujibu, ila ungo ulirudi kazini kwa kelele zaidi kuliko mwanzo.

Nimerudi nyumbani nikiwakumbuka wanawake wa utotoni kwangu, wamesimama mlangoni na kuku mkononi, wanangoja mwanamume yeyote apite. Yeyote. Mama wa watoto wanane, aliyewahi kumzalisha jirani usiku kwenye mkeka, anamsubiri mvulana wa darasa la tano mwenye kamasi aje amkatie kuku shingo. Kisha mvulana anaondoka zake kucheza mpira, na mama anaanza kazi.

Z. aliniuliza jambo moja tu tulipokuwa tunaagana: “Shangazi, akinitazama je?” Nikamwambia akishikwa vizuri hatazami kitu.

Jumapili, 22 Desemba

Mtoto wa dada, anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka wa tatu, amekuja na uvumbuzi: dumu la lita 5 limekatwa kitako, mdomo umepanuliwa, linagongomewa kwenye mti mdomo chini. Kuku anatumbukizwa kichwa kwanza, shingo inatokeza chini, mabawa yamebanwa ndani. Hapigi mabawa, hajivunji, na damu inashuka yote shimoni. Sisi siku zote tumemlaza chini, tumemkanyaga mabawa na miguu, na kila mara yuko mmoja anayechomoka na kumaliza maisha yake kwenye matembele ya watu.

Mzee ameletwa na kiti chake akague. Ameshika dumu, ameligeuza, ameuliza: “Anaelekea wapi?”

Kijana hakuwa amefikiria hilo. Tukazunguka mwembe wote mpaka ukapatikana upande ambao koo la kuku litaelekea kaskazini, mashariki kidogo, kibla cha hapa Morogoro. Mzee akaridhika. Akaongeza masharti mawili ambayo kijana alisema nayo yamo kwenye notisi zake, kwa maneno mengine: kisu kisinolewe mbele ya mnyama, na asichinjwe mmoja mwenzake anamwona. Chuo kinaita msongo, na kinasema mnyama aliyehangaika kabla ya kufa nyama yake inaharibika ubora. Mzee anaita adabu. Nimewaacha waendelee kupongezana.

Kisu nimekinoa mwenyewe kwenye kinoo cha mama, upande huu na upande huu, mpaka kikakata gazeti lililoning'inia bila kulivuta. Kisu kikali ndiyo huruma pekee ambayo kuku anaweza kuitumia.

Kesho jioni wote watano wanaingia tengani: maji wapewe, chakula hapana. Wakilala na njaa, asubuhi gole ni tupu na utumbo umepungua, na ukipasuka kwa bahati mbaya nyama haichafuki sana.

Jumanne, 24 Desemba

Naandika saa nne usiku, mikono bado inanuka unyoya mbichi. Nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa majivu.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa chini ya mwembe. Z. amejifunga kanga mbili, Mzee yuko kwenye kiti hatua chache nyuma, matenga yako upande wa pili wa nyumba. Kijana alimleta kuchi kwanza, amemkumbatia na kumfunika macho kwa kiganja. Akamwingiza. Kuchi, mbabe wa banda zima, akatulia. Z. alivuta ngozi ya shingo kwa mkono wa kushoto, akasema Bismillahi Allahu Akbar kwa sauti ambayo nadhani ilifika barabarani, akakata. Mkato mmoja: koromeo, umio, na mishipa miwili ya pembeni. “Ishia hapo,” Mzee akasema. “Usifike kwenye uti. Kichwa kibaki.” Damu ilishuka kwa nguvu, ikapungua, ikawa matone. Miguu ilitikisika ndani ya dumu baada ya hapo, kwa muda uliomfanya Z. amtazame baba yake, na baba akamwonyesha kwa kidevu angoje. Kama dakika mbili. Kuku ambaye hajatulia hatumbukizwi kwenye maji ya moto. Hilo Mzee na notisi za Sokoine wanakubaliana tena.

Wa pili alikwenda haraka zaidi. Mtetea mwekundu alikuwa wa mwisho. Nilimleta mwenyewe, na hakulia.

Shughuli yote ya kisu haikufika nusu saa. Ikaanza yetu.

Maji ndiyo kila kitu. Yakichemka, ngozi inaiva na kutoka pamoja na unyoya, unabaki na kuku aliyechanika kidari. Yakiwa vuguvugu, utavuta manyoya mpaka adhuhuri. Kijana alikuja na kipimajoto chake akitaka nyuzi 60 hadi 65. Mama alikuwa akichemsha, anaongeza maji baridi, kisha anapitisha kidole haraka: kikiuma bila kuunguza, yamefika. Tukajaribu njia zote mbili kwenye sufuria moja, kipimajoto kikasoma 63. Marehemu angefurahi, ingawa angejifanya hashangai.

Unamshika miguu, unamzamisha, unamzungusha maji yaingie mpaka kwenye shina la unyoya. Kama dakika moja. Unajaribu unyoya mmoja mrefu wa bawa. Ukitoka bila ubishi, mtoe. Anza na mabawa na mkia kungali moto, maana hayo yakipoa yanajifunga. Kidari mwishoni, taratibu, kwa kufuata uelekeo wa unyoya. Kisha tunababua vinyweleo juu ya moto wa magazeti, harufu inayowaita mbwa wote wa Kata. Miguu inarudi kwenye maji ya moto, magamba yanavuliwa, kucha zinang'olewa. Kile kinundu cha mafuta juu ya mkia kikatwe. Kikiachwa kinaharibu mchuzi.

Wakati huu wote wanaume walikuwa wanapita kwenye njia ya jirani. “Z., nasikia umechinja! Hongera!” Mwingine alikwenda kumpa Mzee mkono. Mimi na dada tulikuwa pale pale na manyoya mpaka kwenye nyusi, na salamu tuliyopewa ilikuwa kwamba maji yetu yanatiririka njiani. Anayechinja hupewa shukrani, anayenyonyoa hupewa ndoo.

Kupasua nimefanya mimi, kwa sababu ya nyongo. Kwanza shingoni, unalegeza gole. Halafu chini, unakata kuzunguka tundu la nyuma bila kugusa utumbo, unaingiza mkono umebapa juu ya matumbo mpaka unagusa moyo, unakunja vidole, unavuta. Vyote vinakuja pamoja. Kifuko cha nyongo, kijani kibichi, kimejibanza kwenye ini. Unakikata na kipande cha ini chenyewe, usione uchungu wa ile nyama ndogo. Kikipasuka, uchungu wake hauondoki kwa maji. Mapafu hubaki yameng'ang'ania mbavuni, yanachokolewa kwa kidole.

Watoto wa dada walingojea firigisi. Tunaipasua, tunamwaga, tunavua ile ngozi ngumu ya njano. Kwenye ya kuchi kulikuwa na changarawe, shanga mbili za bluu, kipande cha chupa kilicholainishwa ncha zote, na kifungo cha shati ambacho Z. alikidai ni cha kwake. Kuku hana meno. Mawe hayo ndiyo yanasaga mahindi yake. Mtoto mdogo akauliza mbona chupa haikumkata. Nikamwambia firigisi ina nguvu kuliko chupa, akatazama ile nyama kwa heshima.

Ndani ya mtetea mwekundu, mayai machanga yalikuwa madogo kuliko punje za mtama, hata moja halikuwa na dalili ya kukua, na mafuta ya njano yamejaa tumbo zima. Vidole vya mama.

Sasa wako kwenye friji, wamepakwa chumvi na ndimu. Binti yangu alitaka mmoja apikwe usiku huu huu, nikakataa. Nyama ya kuku aliyechinjwa inakakamaa kwanza, inalegea baadaye. Ukiipika katikati unatafuna mpira. Zamani hatukuwa na pa kumlaza, kwa hiyo alitoka kisuni akaingia chunguni, na jogoo akachemka kutwa na majani ya mpapai. Hilo la kukosa friji, nadhani, ndilo lililomfanya kuku awe nyama ya nyumbani: mbuzi ukimchinja lazima upate wanunuzi, kuku anaisha kwa sinia moja na hadaiwi kesho.

Jumatano, 25 Desemba

Pilau la mchele wa Ifakara, kuku wa nazi, kachumbari, maembe. Kuchi alichemka kwa saa tatu na bado alikuwa mbishi kwenye paja. Mchuzi wake, hata hivyo, sijui nilinganishe na nini.

Firigisi zilikuwa tano. Ya kwanza amepewa mkwe, kwa sababu dunia bado ina utaratibu. Ya pili ilipelekwa kwa Mzee, na shingo mbili kwa mkewe, anayezipenda. Tatu zilizobaki niliziweka kwenye sahani moja nikampa dada, Z. na mimi. Shemeji mmoja, simtaji, akasema kwa kucheka kwamba kwao mwanamke akila firigisi mji unaharibika. Dada akamjibu huku anatafuna kwamba mji ulikwisha haribika tangu asubuhi ya jana, maji yakatiririka njiani na hakuna mwanamume aliyeleta jembe.

Alicheka sana mkwe. Nadhani nampenda zaidi sasa.

Ijumaa, 27 Desemba

Manyoya na matumbo tumefukia kwenye shimo la mgomba mpya, kina cha kiunoni, na jiwe juu kwa ajili ya mbwa. Banda limetulia. Kishingo anawika peke yake alfajiri na mweusi anamjibu kwa mbali, bado hana uhakika. Nitamwuza mweusi dawa ikishaisha mwilini. Mtu wa Kihonda amesema elfu 25, nikamwambia 30, tutakutana katikati. Chanjo inayofuata ni wiki ya pili ya Januari.

Z. amepata jina. Jana mama wa nyumba ya kona amekuja kumwomba amchinjie watatu kwa ajili ya mahari ya binti yake, na leo asubuhi amekuja mwingine. Mama yake Z. ndiye anayewapokea sasa, anawaeleza kisa cha kijakazi na jiwe kwa kirefu kuliko Mzee mwenyewe.

Nilimkuta Z. uani anawapa masharti. Kuku aletwe na njaa tangu usiku. Kisu atakuja nacho mwenyewe. Maji yawe yako jikoni kabla hajafika. Na hanyonyoi.